Boti za skii "zilizokarabatiwa": zulia jipya juu, mbao zilizooza chini. Mpaka lini?

Wakuu, huu uzi ni wa hasira, na atakayeona unamhusu basi ni yeye.

Kila kukicha kwenye matangazo ya Marekani, kuanzia Florida mpaka Minnesota, kuna boti ya skii (ya kuvuta watu wanaoteleza juu ya maji) ya miaka ya 80 yenye injini katikati, na maneno ni yaleyale: "imekarabatiwa yote". Ukiuliza hiyo "yote" ni nini, unatajiwa viti vipya, zulia jipya, redio, rangi inang'aa. Huko ni kumpamba bibi harusi. Boti ya aina hii inashikiliwa na mihimili, zile mbao ndefu zinazolala chini ya sakafu kutoka mbele hadi tezi, zimefunikwa fibaglasi, na juu yake ndipo panapofungwa injini, giaboksi na nguzo ya kuvutia kamba. Mbao hizo zikioza umenunua viti.

Chukua Ski Nautique 2001 (hilo ni jina la modeli, si mwaka) iliyotengenezwa na Correct Craft, Orlando, 1982 hadi 1989. Umbo lake linaheshimika mpaka leo, lakini ndani ni mbao na povu. Skrubu nene za kufungia injini zinatoboa fibaglasi na kuingia moja kwa moja kwenye mbao. Miaka ya mtikisiko inalegeza matundu, maji ya ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, yanafuata uzi wa skrubu, na povu lililojazwa kati ya mihimili linayanywa kama sponji. Halikauki hata boti ikae bandani miaka miwili. Lita 150 zikinaswa humo ni kilo 150 unazozibeba kila safari. Boti inakuwa nzito kuinuka, inabugia mafuta, halafu muuzaji anakwambia "inataka tyuni tu". Tyuni ya mbao?

Msinunue kabla ya kufanya haya, na muuzaji akikataa, ondokeni. Shika spana, jaribu kukaza skrubu za miguu ya injini. Ikizunguka bila kukaza, chini hakuna mbao, kuna uji. Gonga mhimili kwa nyundo ndogo urefu wote: mzima unalia kwa sauti kavu, uliooza unabwabwaja. Ukiruhusiwa, toboa kwa keekee ya mm 6 kutokea juu, upande wa ndani, na uangalie unga unaotoka. Mweupe na mkavu, sawa. Mweusi unaoganda vidoleni, umeoza. Tundu lizibwe kwa epoksi (gundi ya kuchanganya inayoganda ngumu) siku hiyohiyo. Halafu ipelekeni boti kwenye mzani wa malori pamoja na trela, mtoe uzito wa trela, mlinganishe na wa kiwandani. Mzani hauhongeki.

Sasa magumashi yanayonikera kuliko yote: "tumeidunga epoksi". Wanatoboa vitundu, wanamimina epoksi nyepesi, wanaziba, wanatandika zulia. Epoksi haipenyi kwenye mbao iliyojaa maji. Inafika sentimita chache kuzunguka tundu na kugeuka vijiti vigumu ndani ya uozo. Nguvu haikurudi, na umeyafungia maji njia ya kutokea.

Kazi halali inafanywa hivi. Kabla ya kukata chochote, boti iegemezwe sawasawa kwenye vishikizo vingi, ipimwe kwa pima maji na kamba, maana ukitoa mihimili ganda linalegea na litaganda na umbo lolote utakalolikuta nalo. Pima kimo cha mhimili kila sentimita 30, piga picha. Kata fibaglasi ya zamani ukiacha mdomo wa sentimita 5 hivi kama alama. Toa povu lote. Lote! Kipande kimoja chenye maji kinaanzisha safari upya.

Paruza kwa msasa namba 36 au 40 mpaka fibaglasi safi ionekane, futa kwa asetoni. Mbao mpya iwe Douglas fir (mbao ya jamii ya misonobari) kavu isiyo na vifundo, ipakwe epoksi pande zote na hasa kwenye vichwa. Isikalie ganda moja kwa moja: acha nafasi ndogo ijazwe ute wa epoksi uliokolezwa kwa unga wa silika, la sivyo mbao inachora mstari unaoonekana nje na ganda linapasuka hapohapo. Pembeni weka kona ya mviringo ya ute huohuo, kwa sababu kitambaa hakikubali kona ya digrii 90, kinaacha hewa. Kisha kitambaa cha fibaglasi cha nyuzi mshazari, kile kinachouzwa kwa jina la 1708, tabaka tatu: la kwanza litambae sentimita 7 kwenye ganda, la pili 10, la tatu 13. Kwa nini epoksi na si poliesta, ile resini ya kawaida ya fibaglasi? Poliesta mpya hushika vibaya kwenye poliesta iliyokauka miaka 35. Atakayetumia poliesta kwa ubahili asije akalia ikibanduka kama ganda la ndizi.

Matundu ya injini: toboa kubwa kuliko skrubu, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena kwa kipimo chake katikati ya epoksi. Skrubu isiguse mbao kabisa. Hatua hii inachukua jioni mbili na ndiyo wanayoiruka, kwa sababu haionekani kwenye picha.

Nikija kwenye injini, hapo siyo utapeli tena, ni hatari ya roho. Wengi wanafungua PCM ya Ford 351 (injini ya Ford iliyoandaliwa kwa ajili ya boti) na kuweka alteneta, stata na kabureta za gari kwa sababu ni nusu bei. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala kwenye ngama. Vifaa vya umeme vya boti vimezibwa ili cheche zisitoke nje, na utavitambua kwa alama ya SAE J1171. Kabureta ya boti matundu yake ya hewa yamepindwa ili mafuta yakifurika yarudi kooni mwa injini. Ya gari yanamwagikia nje, juu ya injini ya moto. Pampu ya mafuta ya boti ina kiwambo mara mbili na bomba dogo linaloonyesha kikipasuka. Mipira ya mafuta iwe na maandishi A1-15. Hata vyote vikiwa sahihi, feni ya kutoa mvuke iwashwe dakika 4 kabla ya kupiga stata.

Na mtu anayeuza boti iliyopitia baridi kali ya Tennessee au Minnesota bila kufungua koki mbili za bloku na za manifoldi (mabomba ya kutolea moshi) ili maji yasigande ndani, huyo anauza chuma kilichopasuka. Ufa mwingine unatokea ndani, kwenye bonde la chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, hauonekani mpaka oili iwe kama chai ya maziwa. Chomoa kijiti cha oili baada ya kuendesha majini, si kabla.

Nimemaliza. Tukaneni.

—

NgamaKavu: Mkuu umesahau mzunguko, na hapo ndipo wengi wanapopigwa. Baadhi ya hizo 351 zinazunguka kinyume na za gari. Ya kawaida mpangilio wa moto, yaani silinda zinavyofuatana kuwaka, ni 1-3-7-2-6-5-4-8. Ya kinyume ni 1-8-4-5-6-2-7-3. Mtu ananunua bloku ya gari, anahamishia vikolombwezo vya ya zamani, na injini inamgomea. Kamshafti, stata na sili za krenki vyote vinafuata mzunguko. Na giaboksi ya Velvet Drive 71C nayo ina mshale kwenye pampu ya mbele unaotakiwa kulingana na mzunguko wa injini; ukikosea, pampu haivuti oili na klachi zinaungua siku ya kwanza. Halafu analaumiwa fundi wa giaboksi.

PropelaMbovu: Mleta uzi unakuza mambo. Boti ngapi zina mbao laini na zinatembea? Mimi kwangu toa zulia, kausha, mwaga povu jipya, maisha yaendelee.

NgamaKavu: @PropelaMbovu zinatembea, sawa. Fungua kapulingi, kile kiungo cha giaboksi na shafti ya propela, uone. Uso wa kapulingi ya shafti na wa giaboksi upimwe kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) sehemu nne: juu, chini, kulia, kushoto. Tofauti isizidi inchi 0.003, yaani mm 0.08. Mbao laini haishiki kipimo hicho hata wiki mbili. Unapanga leo, keshokutwa injini imezama upande mmoja, shafti inakula mpira wa kwenye mguu unaoishikilia, glendi (kizibo cha shafti inapotokea nje ya boti) inavuja, unaikaza, inachimba mfereji kwenye shafti. Pakingi iliyo ndani ya glendi inatakiwa idondoshe tone mbili tatu kwa dakika boti ikitembea. Isipodondosha kabisa inaungua. Na kupanga kwenye trela ni mwanzo tu; rudia boti ikiwa imelala majini.

MsasaArobaini: Kuhusu povu, tusigombane. Kwa boti za chini ya futi 20 sheria ya Marekani inamdai mtengenezaji uwezo wa kuelea hata boti ikijaa maji, kwa hiyo lile povu halikuwekwa kama pambo. Ukilitoa usipolirudisha, ujue umetoa nini. Mimi naunga mkono lirudishwe lile la kilo 32 kwa mita ya ujazo, lakini acha mfereji wazi kando ya mkuku (uti wa chini wa boti) hadi kwenye tundu la kutolea maji, na tengeneza sakafu inayofunguka kwa skrubu. Povu halikuwa na kosa. Kosa ni maji kukosa njia.

mgeni_wa_maji: Wakuu, kuna jamaa anataka kusafirisha moja kwenda Kilifi. Mihimili imebadilishwa kweli, ushahidi wa picha upo. Kuna la kuangalia zaidi?

MsasaArobaini: @mgeni_wa_maji injini hizo nyingi zinapozwa kwa maji yaleyale ya ziwani, na Kilifi ni chumvi. Bloku na manifoldi za chuma zitaliwa kwa ndani. Aidha afunge mfumo wa kupoza wa ndani wenye maji yake na kibadilisha joto, au akubali kusukuma maji baridi ya bomba kila anapotoka, injini ikiwa kwenye ngurumo ya chini kwa dakika 10 au zaidi, mpaka thamostati ifunguke. Bila kufunguka, bloku haikuoshwa. Thamostati yenyewe iwe ya digrii 143 za Fahrenheit, kama 62 za Selsiasi; ya moto zaidi inagandisha chumvi ndani ya njia za maji. Abebe impela tatu (vigurudumu vya mpira vyenye mabawa) za pampu ya maji na gasketi zake. Ikikatika bawa, asiweke mpya kabla hajakipata kipande. Huwa kinakwama mlangoni mwa kipoza oili cha giaboksi. Na manifoldi azipime unene kabla ya kuzisafirisha, maana kule kuzipata ni kuagiza.