Saadani kutoka Dodoma na Noah, watoto wawili: inawezekana?

Mkazi_wa_Kisasa: Wakuu habari. Likizo ya Desemba nataka kuipeleka familia Saadani, usiku tatu, tulale kijijini na siku moja tuingie hifadhini. Usafiri ni Noah ya kawaida. Njia ipi nzuri, na nini cha kuangalia?

Dereva_Nzuguni: Mkuu, njia haina utata: Dodoma, Morogoro, Chalinze, kisha barabara ya Segera. Ukishapita Msata na daraja la Wami, kata kulia Mandera kuelekea Miono. Kuanzia hapo ni vumbi, takribani kilomita 60 hadi Saadani. Jaza tenki Chalinze. Ondoka saa kumi alfajiri, maana vijiji vya njiani vina vibao vya 50 na matochi ya trafiki ya kupima kasi hayalali, na hifadhini hakuna kuendesha usiku.

Sasa hiyo Noah na Desemba ndipo ninapokukatalia. Vuli inakuwa haijaisha, na huko kuna udongo mweusi wa mbuga. Ushawahi kuona matope ya Bahi msimu wa mpunga? Ni yale yale. Yanajaza kashata za tairi hadi linakuwa laini kama chupa, gari linateleza pembeni, na ukizidisha mafuta linakaa kwa tumbo. Kupunguza upepo kunasaidia kwenye mchanga, si kwenye tope hilo. Panda treni ya SGR hadi Morogoro ukodi gari la fowili, linalovuta kwa matairi yote manne, la kunyanyuka. Au subiri likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha. Hapo Noah inafika ukienda taratibu, ila barabara za ndani ya hifadhi zibaki za fowili.

Bint_Pwani_Dom: Mimi naongezea la bahari, maana watu wa bara huchagua tarehe kwa kalenda ya ukutani tu. Angalia mwezi. Ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa kama saa kumi alasiri, na kupwa saa nne au tano asubuhi, yakaenda mbali mno, watoto wakabaki na matope. Kila siku muda unasogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo ukifika siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kuogelea ni jioni. Boti ya mto Wami nayo ulizia maji kabla ya kupanga saa. Kule ni viboko na mamba, watoto wasining'inize mikono. Juni kuna upepo wa kusi, bahari inachafuka mchana.

Kijiji ni cha wavuvi, Waislamu wengi. Nguo ya kuogelea iishie ufukweni. Ukiingia mitaani jifunge khanga. Na usiku msitembee ufukweni, wanyama hawana uzio.

Mkazi_wa_Kisasa: Asanteni sana. Juni basi. Malipo ya geti je, na mbung'o wapo?

Dereva_Nzuguni: Hawapokei keshi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, kwa shilingi. Beba vitambulisho vya NIDA upate bei ya Mtanzania. Ingia asubuhi upate siku nzima, na mwambie askari bayana kama unakwenda kijijini tu. Mbung'o wapo, hasa upande wa Mkwaja. Ranchi ya ng'ombe ya kule ilisumbuliwa nao miaka mingi. Wanapenda bluu na nyeusi, vaeni kaki. Vyandarua msisahau, mbu wa pwani si wa Dodoma.

Bint_Pwani_Dom: Ukitaka kamba wa kurudi nao, uliza kwanza kama msimu haujafungwa. Nunua asubuhi boti zinaporudi, ng'oa vichwa hapo hapo, maana weusi huanzia kichwani. Kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya kamba, tabaka kwa tabaka, na fungua kizibo cha kasha maji yatoke. Wakiogelea kwenye maji yaliyoyeyuka, hadi Gairo washalegea.