TIG ama welding ya msuguano kwa aluminiamu na plastiki?

kombo_mtwapa: Salamaleko wanajamvi. Nina karakana ndogo ya boti huku Mtwapa nataka kuongeza kazi ya aluminiamu na matangi ya plastiki. Kuna mtu anauza TIG, ile mashine ya kuchomelea kwa umeme na gesi ya argon, mwengine ana mashine kuukuu ya miling, ya kuchonga chuma, asema nikiifunga pini nitafanya FSW, yaani hio welding ya msuguano, ile pini yazunguka yakoroga aluminiamu bila kuiyeyusha. Pesa yatosha moja tu na wanataka jibu Ijumaa. Nichukue gani?

fundi_jomvu: Unene? Aloi gani, yaani aluminiamu imechanganywa na nini? Mishono imenyooka ama ina kona? Hujasema kitu ndugu yangu, tutakujibu vipi.

bi_shimanzi: TIG, wala usijiulize. FSW yataka bamba libanwe sawasawa na chini liegemee chuma kigumu, maana ile pini hukandamizwa kwa nguvu inayofika tani na zaidi. Boti ya mteja utaibana wapi?

mabati_tupu: Mimi FSW. TWI, taasisi ya uchomeleaji ya Uingereza, waliivumbua 1991 na leo mabehewa ya treni Japani na matangi ya roketi ya Falcon 9 yanaungwa hivyo. Hakuna argon, hakuna waya wa kujazia, hakuna moshi. TIG kwenye aloi ya 6061 nimeiona mimi: tulipeleka ngazi ya boti kwa fundi mmoja mjini, mshono ukaja msafi kila mtu akausifu, mzee mmoja akaja kuikanyaga ikakatika akaumia goti. Na haikukatika mshononi, imekatika pembeni kiasi cha upana wa kidole, mshono wenyewe mzima! Pale joto lilipopita 6061 ilishalainika, ule ugumu wa kupikwa kiwandani umeondoka, na fundi hakutwambia. Pesa hatukurudishiwa mpaka leo.

fundi_jomvu: Pole kwa mzee. Lakini FSW pia hulainisha pembeni, ni vile tu joto lake halifiki lile la kuyeyuka. Ngazi kama hio yafaa iwe aloi ya 5083, ugumu wake hautegemei kupikwa. Na pini ikitoka huacha shimo, lazima umalizie kwenye kipande cha ziada ukikate.

tangi_bora: Plastiki mbona mwairuka? HDPE, ile plastiki ya matangi, kwa pini ya kawaida haishiki, lile bega la pini linalozunguka latapanya plastiki yote nje, yataka kiatu kisichozunguka tena chenye hita. Matangi fanya kwa hewa moto na uzi wa HDPE basi.

bi_shimanzi: Kweli. Ila hio 5083 ukiifunga kwa bolti za stenlesi bila kitu katikati, chumvi itaila hata uchomelee vipi.

mabati_tupu: Weka washa za nailoni.

bi_shimanzi: Nailoni hunywa maji bwana, weka mpira, na kipande cha zinki karibu kiliwe na chumvi badala ya aluminiamu.

kombo_mtwapa: Shukran nyote. Bamba ni milimita 6, mishono mingi mirefu imenyooka, michache ya kona. Aloi sijui, mteja ameyatoa kwa boti iliyovunjwa hayana maandishi.

fundi_jomvu: Usilipe mtu Ijumaa. Ile miling ukitikisa spindo, ule mhimili unaozungusha pini, kwa mkono yacheza?

tangi_bora: Na tangi ni la maji ya kunywa ama la dizeli?