Masomo yakifungwa, nani abaki na watoto wa anayefanyia kazi nyumbani? Mjadala wa Goma, mashariki mwa Kongo

Mama wa Himbi
Shirika ninalolifanyia uhasibu limetugawia fomu ya kazi ya nyumbani. Kipengele kimoja kinasema hivi: masomo yakifungwa, mfanyakazi anathibitisha kwamba nyumbani kuna mtu mwingine anayewaangalia watoto wake saa zote za kazi. Asiyesaini, siku hizo zitakatwa kwenye likizo yake. Mimi sijasaini, na nasema wazi kwamba wengine pia wasisaini. Anayeona vinginevyo aje tubishane.

Hapa Goma masomo kufungwa si ajali ya mara moja. Machi 2020 yalifungwa nchi nzima kwa ajili ya korona, na Desemba yakafungwa tena. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka, tukaambiwa tuhame: wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine Bukavu kwa mashua. Januari 2025 vita viliingia mjini, umeme na maji vikakatika, benki zikafunga. Kwa hiyo fomu hii tutaitumia, hilo msiwe na shaka.

Sasa huyo "mtu mwingine" ni nani? Tusidanganyane. Katika nyumba nyingi za mtaa wangu ni msichana aliyeletwa kutoka vijijini, Masisi au Rutshuru, miaka 13 au 14. Naye masomo yake yamefungwa siku ileile na ya watoto wangu, ila hakuna anayemhesabu kama mwanafunzi. Halafu masomo yakifunguliwa, watoto wa nyumba wanavaa sare wanaondoka, yeye anabaki na sufuria, kwa sababu nyumba imeshamzoea. Nimeliona hilo kwa majirani zangu. Mwajiri hajasema "leteni mtoto awalee watoto wenu", lakini akiomba saini bila kutoa senti, anajua tutamtoa wapi.

Papa wa Katindo
Mama, heshima yako. Mimi nakaa upande wa pili wa meza katika shirika letu, fomu kama hizo ndizo kazi yangu. Nikuambie kwa nini zipo.

Mwaka 2020 mwenzetu mmoja alikuwa nyumbani akiandaa jedwali la malipo ya vibarua, yale ya kutumwa kwa simu. Akainuka kuangalia uji jikoni. Mtoto wake wa miaka 2 akapanda kiti akabonyeza-bonyeza. Tarakimu mbili katika namba moja ya simu zikabadilika, hakuna aliyegundua, pesa ikaenda kwa mtu tusiyemjua. Mmewahi kujaribu kurudisha pesa iliyokwisha kufika kwenye simu ya mtu? Yule kibarua alikuja ofisini kila asubuhi, anakaa kwenye ngazi, hasemi kitu. Alikuwa amefanya kazi na hajalipwa. Mtoto mdogo na pesa za watu havikai meza moja, na kusema hivyo si ukatili.

Sheria nayo haitusaidii. Kanuni ya kazi ya 2002 inamjua mama: likizo ya uzazi wiki 14, na nusu saa mara mbili kwa siku ya kunyonyesha. Kuhusu masomo kufungwa haina neno. Palipo na pengo, kila shirika linajitungia.

Muuza sambaza, Virunga
Ninyi mna fomu! Mimi nauza sambaza, samaki wadogo wa ziwani, na mtoto wangu yuko mgongoni ndani ya kikwembe tangu asubuhi, masomo yawe yamefungwa au hayajafungwa, na mkubwa wake nampa kazi ya kufukuza inzi. Nikikosea chenji, hasara ni yangu. Ninyi mkikosea, mwisho wa mwezi mnalipwa. Sisemi mna makosa, nasema tu mjue mnaongea kutoka wapi.

Papa wa Ndosho
Nimesoma yote hayo na sijaona neno "baba" hata mara moja. Mama wa Himbi, papa wa nyumbani kwako alipewa fomu? Mimi na mke wangu sote tunafanyia kazi nyumbani masomo yakifungwa, na hatuna msichana. Asubuhi watoto ni wangu, baada ya chakula cha mchana ni wake. Ugumu unatoka Kinshasa: wao wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mkutano wao wa saa tisa kwetu ni saa kumi, saa ambayo mdogo ameamka na mkubwa anataka simu aangalie katuni. Simu yenye yunite, yaani salio, ni moja. Basi mkutano naufuatilia uani, mtoto begani, sauti nimeizima, na majirani wanaopiga umbea wanasema mke amenikalia. Waseme.

Lakini hapo ndipo fomu inapokosea: inauliza kama kuna mtu mwingine, haiulizi kama kazi inaweza kupangwa saa nyingine. Jedwali la malipo lingefanywa saa tatu usiku, watoto wamelala, kibarua angelipwa.

Papa wa Katindo
Saa tatu usiku, kama umeme upo.

Koko wa Kyeshero
Kwetu mtu mwingine ni mimi. Miaka 67, magoti haya, wajukuu wanne. Mwanangu alisaini bila kuniambia.

Mwalimu, Majengo
Mnasema "masomo yamefungwa" kama duka lililofungwa likasubiri. Ndani yake kulikuwa na watu. Mimi nafundisha mwaka wa tatu katika shule ya mtu binafsi: wazazi wasipolipa, mwalimu hali. Rafiki yangu yuko shule ya serikali lakini ni wale tunaowaita NU, ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya malipo. Yeye masomo yakifunguliwa au yakifungwa, mshahara ni uleule: hakuna.

Mwaka 2020 mikutano ya watu zaidi ya 20 ilikatazwa. Nikachukua watoto wa jirani, wachache, kwenye baraza. Tulisikiliza vipindi vya masomo vya Radio Okapi, redio ya betri, kisha hesabu kwa chaki sakafuni. Wazazi walinipa walichokuwa nacho: franka, makaa, siku nyingine unga wa bugali. Kwa hiyo mnapotafuta mtu mzima anayejua watoto na siku hizo hana kazi, msiende hadi Masisi. Tupo hapa mjini, kila mtaa.

Mama wa Himbi
Nimjibu kwanza papa wa Ndosho. Baba watoto wangu yuko Butembo kwa biashara, fomu ingemkuta njiani.

Papa wa Katindo, kisa cha jedwali nakikubali, mimi pia naishi na tarakimu. Ila wewe unajua sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009: umri wa kuajiriwa unaanzia miaka 16. Basi andika kwenye fomu yako "mtu mwenye miaka 18 kwenda juu, anayelipwa", tuone ni wangapi watasaini. Mkiliacha wazi, mnanunua usingizi wenu kwa saini yangu.

Na mkitaka mtu mzima, mchangie. Mwalimu ameshawaambia yuko wapi.

Papa wa Katindo
Hakuna mstari wa bajeti wa kulea watoto wa wafanyakazi, Mama. Mfadhili ataniuliza.

Mama wa Himbi
Mstari wa mazutu (dizeli) ya jenereta upo. Ofisi ikifungwa mazutu hayachomwi, na mimi ndiye ninayeandika kilichobaki kila mwisho wa mwezi. Mwombeni mfadhili ahamishe hicho kilichobaki, kwa muda masomo yamefungwa tu. Hakuna dola mpya inayotakiwa. Barua ya kuomba nitaiandika mimi, wewe usaini.

Papa wa Katindo
Hesabu nitumie. Siahidi, ila nitaipeleka. Na hilo la umri nitaliingiza, maana kweli liliachwa wazi.

Muuza sambaza, Virunga
Na sisi tusio na mazutu?

Mwalimu, Majengo
Mama, wako mlete, tutaelewana kwa sambaza. Wote wajue masharti lakini: watoto 10, hawazidi, na mwenye chini ya miaka 3 simpokei. Baraza langu lina ngazi.

Papa wa Katindo
Mwalimu, aliyebonyeza jedwali langu alikuwa na miaka 2.