Tupeane uzoefu: neno la unabii likitolewa kanisani, mnalipimaje?

Mwanzisha mada
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mkesha wa 31 Desemba ukipita tu, simu zinajaa klipu za "unabii wa mwaka". Naomba wazee, waombezi na walimu wa Biblia mtuwekee hapa namna kazi hii inavyofanyika: neno linapokelewaje, linaandikwaje, linapimwaje, na wapi huwa panaharibika. Shuhuda binafsi tuziache kwa leo. Na swali lenyewe la msingi: muumini anaweza kuona yajayo?

Mwalimu wa Biblia
Amina. Tuanze na neno lenyewe. Fungueni Biblia ya Union Version, 1 Wakorintho 14, mtakuta watafsiri hawakuandika "kutabiri", waliandika "kuhutubu". Mstari wa 3 unataja kazi tatu za anayehutubu: kujenga, kufariji, kutia moyo. Kutaja yajayo hakumo katika hizo tatu. Kupo kwenye Biblia, lakini ni sehemu ndogo ya karama ya unabii.

Tofauti na ramli iko hapa. Kwa mpiga ramli, mteja ndiye anayekwenda na swali lake: nitaolewa lini, nani kaniibia, safari itakuwaje. Nabii hutumwa na ujumbe ambao mara nyingi hakuna aliyeuomba, na wengine hawautaki kabisa. Kwa hiyo jibu langu: Mungu humfunulia mtu jambo la mbele anapotaka Yeye. Muumini hana ufunguo wa kufungua kesho kila anapojisikia. Foleni ya watu wanaosubiri kuambiwa mambo yao mmoja mmoja, hata ikiwa chini ya msalaba, imeshaanza kufanana na kilinge.

Sasa mtazameni Agabo, nabii wa kanisa la kwanza, maana yeye anatufundisha kuliko wote. Katika Matendo 11 anasema njaa inakuja. Wanafunzi wa Antiokia hawakukaa kushangaa unabii. Walichanga, kila mtu kwa kadiri ya alivyofanikiwa, wakapeleka Uyahudi kwa mkono wa Barnaba na Sauli. Katika sura ya 21 anauchukua mshipi wa Paulo, anajifunga miguu na mikono, anasema mwenye mshipi huu atafungwa hivi Yerusalemu. Hapo kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Ufunuo: kifungo kinakuja. Tafsiri: maana yake nini. Matumizi: basi tufanyeje. Ufunuo ulikuwa sahihi, lakini ndugu wote wakarukia kwenye matumizi, wakamlilia Paulo asipande kwenda Yerusalemu. Yeye hakukubali, na mwishowe wakasema, "Mapenzi ya Bwana na yatendeke." Makosa mengi makanisani hutokea hapa hapa: mtu anaona kitu cha kweli, halafu anaongeza agizo lake mwenyewe juu yake na kuliita sauti ya Mungu.

Katibu wa maombi
Shikamoo Mwalimu. Mimi naongelea daftari, kwa sababu bila daftari hakuna kupima, kuna kukumbuka tu, na kumbukumbu hujirekebisha yenyewe ili ifanane na kilichotokea.

Chukua kauntabuku, piga mistari upate safu sita: tarehe na ibada, nani amenena, maneno yenyewe kama yalivyotoka (siyo muhtasari), muda uliotajwa, sharti lililotajwa, na kilichoombwa kifanyike. Safu ya matokeo iwe ukurasa wa pili, ijazwe na mtu mwingine, siyo aliyenena. Kama kuna sauti iliyorekodiwa, nakili kutoka kwenye sauti siku hiyo hiyo. Watu wawili waliokuwepo waweke sahihi.

Ukiandika neno kwa neno utaona mengine hayapimiki. "Mwaka huu mtu mkubwa ataondoka, taifa litalia." Kuna mwaka gani usio na msiba wa mtu mkubwa? "Naona mama mmoja hapa anaumwa mgongo", mbele ya watu mia tatu. Hayo yaandikwe, lakini pembeni muweke alama kwamba hata mtu asiye na Roho angepata. Na anayetoa maneno hamsini kwa mwaka, mhesabieni yote hamsini, siyo yale mawili yanayorushwa kwenye klipu.

Mzee wa kanisa
Katibu umenena vema. Niongeze kuhusu muda na sharti.

Kumbukumbu la Torati 18:22 iko wazi: jambo lisipofuata wala kutimia, nabii amelinena kwa kujikinai, usimwogope. Lakini sura ya 13 inaongeza kitu ambacho wengi hawakisomi: hata ishara ikitimia, kama inakuvuta umwache Mungu, usimsikilize. Kutimia peke yake hakutoshi.

Someni Yeremia 28. Nabii Hanania anasimama Hekaluni mbele ya makuhani, anasema vyombo vya Hekalu vilivyochukuliwa kwenda Babeli vitarudi ndani ya miaka 2. Yeremia anajibu "Amina", BWANA na afanye hivyo. Hakumzomea. Hanania akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia kama ishara ya utawala wa Babeli, na Yeremia akaenda zake. Neno la kumpinga lilikuja baadaye. Hanania alinena mwezi wa tano, akafa mwezi wa saba wa mwaka ule ule. Kwa Wayahudi waliokuwa mateka Babeli tofauti ilikuwa ya maisha kabisa: aliyeamini miaka 2 hafungui mizigo, aliyeamini miaka 70 ya uhamisho aliyoitaja Yeremia anajenga nyumba na kupanda bustani, kama ilivyoandikwa sura ya 29.

Sharti nalo: Yona alitangaza siku 40, Ninawi haikuangamia kwa sababu watu walitubu. Yeremia 18:7-10 inaeleza kanuni hiyo. Ila angalieni isigeuke kichaka cha kujificha. Neno likishindwa halafu ndipo mtu aseme "maombi yenu yameligeuza", ulizeni: toba hiyo ilionekana wapi?

Msomaji wa historia
Kuhusu tarehe za kurudi kwa Kristo na mwisho wa dunia, hesabu zake zinafanana karne zote. Mhubiri William Miller huko Marekani alichukua siku 2,300 za Danieli 8:14, akazifanya miaka, akaanzia mwaka 457 kabla ya Kristo. Ukitoa unapata 1843; kwa kuwa hakuna mwaka sifuri, unaongeza mmoja, 1844. Wafuasi wake wakaishia kwenye 22 Oktoba 1844. Siku ikapita. Harold Camping, mhubiri wa redio wa Marekani, alihesabu miaka 7,000 tangu gharika aliyoiweka mwaka 4990 kabla ya Kristo, akapata 21 Mei 2011, kisha akasogeza hadi 21 Oktoba. Mwaka 2012 alikiri kwamba alikosea. Angalieni: kutoa na kujumlisha kulikuwa sawa. Kosa liko mwanzoni, pale namba ya kuanzia ilipochaguliwa na siku zikageuzwa miaka, wakati Mathayo 24:36 inasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye.

Na hapa kwetu si mbali. Kanungu, Uganda, viongozi wa kikundi kimoja cha kidini walitangaza mwisho wa dunia mwisho wa 1999. Tarehe ilipopita, watu waliokuwa wameuza mali zao wakaanza kudai. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa likateketea na mamia ya watu ndani. Hatari kubwa huja baada ya tarehe kushindwa, wakati kiongozi hana pa kurudi. Ukisikia "uza, usilime, mtoe mtoto shule", ondoka kabla hiyo tarehe haijafika.

Mama mwombezi
Asanteni baba zangu. Mawili kutoka upande wangu.

Fedha. Didake, maandiko ya kanisa la kwanza, inasema mtu akinena kwa roho "nipeni fedha", msimsikilize, isipokuwa anawaombea wahitaji wengine. Neno lililofungwa na kiasi maalum cha "mbegu", yaani sadaka, au mafuta ya upako ya kununua, liacheni hapo hapo.

Dawa. Hili naliandika kwa uchungu. Mtu akiambiwa amepona, aendelee na dozi, arudi kliniki akapimwe. Na kwa anayetumia ARV: kipimo kisipoonyesha virusi, ni dawa inavizuia. Akiacha, vinarudi. Hakuna mwombezi mwenye ruhusa ya kumwambia mtu atupe vidonge.

Na neno la ndoa au la kumtaja mchawi wa familia lisisemwe kwenye maikrofoni. Lipelekwe kwa wazee kwanza. 1 Wakorintho 14:32 inasema roho za manabii huwatii manabii. Anayesema "nimeshindwa kujizuia" aelekezwe mstari huo. Mstari wa 29 unataka wawili au watatu wanene, na wengine wapambanue. Hao wengine wawekwe kabisa, wajulikane ni akina nani.

Mwanzisha mada
Mungu awabariki. Na neno likishindwa, likiwa limetolewa na mtu tunayempenda?

Mzee wa kanisa
Asifukuzwe, na asifichwe. Jeremiah Johnson wa Marekani alikuwa miongoni mwa waliotabiri Trump angeshinda 2020. Januari 2021 aliomba radhi hadharani, akashambuliwa na waumini wenzake kwa sababu ya kuomba radhi. Kwa hiyo liandaeni kanisa pia. Katika ibada ya aina ile ile neno lilipotolewa, kwa maikrofoni ile ile, Katibu asome ukurasa wa daftari, aliyenena aseme "nilikosea", na akae kimya kwa muda ambao wazee watampangia.