Madizaina mnaowauzia wateja mudibodi za AI hapa Mwanza mnatuharibia kazi

Wakuu habari za muda huu. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa akili mnemba uliojaa ubishi wa wanafunzi na asaimenti zao, mimi hapa naongelea mudibodi, lile kusanyo la picha la kumwonyesha mteja sehemu yake itakavyokaa kabla haijajengwa, yaani kazi ya watu na hela za watu.

Nafanya intiria, yaani kupanga na kupamba ndani, migahawa, saluni, vilodge vidogo vidogo, na nilikuwa naifanya kabla hizi programu za AI za kutengeneza picha, Midjourney na Stable Diffusion, hazijaingia mtaani mwaka 2022. Juzi kanipigia mama mmoja ana eneo lake kando ya ziwa huku Ilemela, anataka mgahawa wa samaki, sato wa kuchoma, sangara, ugali, mtu anakula kwa mkono huku anapunga upepo. Wazo zuri kabisa. Nikamwambia sawa mama nirushie ulichonacho, akanimiminia rundo la picha WhatsApp na voisi juu: mwanangu hii ndo mudibodi niliyotengenezewa, yule dizaina advansi nilishampa sasa hivi hapokei simu, wewe nifanyie hivi hivi kama ilivyo.

Hivi hivi kama ilivyo! Nikazifungua kwenye laptop nikazikuza, aisee nilichoka.

Makochi meupe ya veleveti. Kwenye mgahawa wa sato. Atayafua nani?? Taa zimening'inia hazina waya na juu yake hakuna dari ni mawingu tu, kwa hiyo sijui zimefungwa kwa malaika. Stuli ya kaunta ina miguu mitatu, wa nne umeyeyukia kwenye stuli ya jirani. Ngazi inapanda vizuri halafu inaishia ukutani. Ziwa linaonekana kushoto, kulia na nyuma, na bango la kukaribisha wageni limeandikwa KARBIU. Na kilichonimaliza zaidi, eneo la yule mama limejaa mawe, yale majabali yetu ya granaiti ambayo kila mtu wa Mwanza anajua huwezi kuyakwepa unajenga nayo tu, kwenye picha hakuna hata moja, sakafu imenyooka mpaka majini. Huyo jamaa saiti alifika kweli au alilala kwake akaandika "mgahawa wa kifahari kando ya ziwa", programu ikamtolea picha nne kwa mpigo, akatuma zote na namba ya kulipia?

Nilimwonyesha fundi wangu wa mbao ile kaunta. Akaigeuza simu hivi, akaigeuza hivi, akaniuliza bosi, hii inashikiliwa na nini? Sikuwa na jibu kwa sababu jibu halipo.

Sasa kuna watu watakuja hapa kusema naogopa teknolojia. Sikilizeni kwanza. Mudibodi kazi yake ni kukubaliana mwelekeo na mteja, rangi zipi, malighafi gani, mwanga wa aina gani, mtu akiingia ajisikieje. Ukichana picha ya kiti kwenye jarida au ukiivuta Pinterest enzi zile, kile kiti kipo duniani, kuna mtu alikitengeneza, kina vipimo na bei, nikikikosa nampelekea fundi wa mninga anaangalia miunganisho anakutolea cha kwake. Picha ya AI inaanza na chenga tupu kama TV iliyochomoka antena, halafu programu inazisafisha hatua kwa hatua mpaka zifanane na maneno uliyoandika. Haijui kama kiti kinatakiwa kumbeba mtu, inajua picha za viti huwa zinakaaje basi. Ukiniuliza mita moja ya kile kitambaa shilingi ngapi nitakujibu nini, kitambaa chenyewe hakijawahi kufumwa na mtu yeyote!

Halafu mteja akisema nimependa ila badilisha rangi ya ukuta tu, unaandika upya inakuletea mgahawa mwingine kabisa, madirisha yamehama, kaunta imehama. Ndiyo kuna sehemu ya kufuta kipande na kuchora upya hicho hicho, lakini hawa wa kuchukua advansi na kuzima simu wataijulia wapi.

Na hili la picha kutotujua linaniuma kivyake. Mimi wazo langu kwa yule mama lilikuwa kutundika karabai juu ya kaunta, zile za wavuvi wa dagaa, siku hizi wengi wamehamia taa za sola na betri kwa hiyo kuukuu ukiulizia unapata. Nikasema ngoja nijaribu kumpatia picha ya haraka. Nimeandika kwa Kiingereza kilichonyooka, mtumbwi, usiku, ziwa Victoria, karabai, dagaa. Nikaletewa vijitaa vya Krismasi na mtumbwi wenye pua ndefu ya kule Thailand. Nikaandika Mwanza, nikapewa nyika, mti wa mgunga, twiga na jamaa kavaa shuka jekundu. Twiga Kirumba?? Stable Diffusion ya mwanzo ilifunzwa kwa mabilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni zenye maelezo ya Kiingereza, sasa hebu fikiria ngapi kati ya hizo zilipigwa mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki. Inakupa kilichopigwa picha sana, na sisi hatujapigwa sana. Halafu dizaina wa hapa hapa, anayepita kwenye hayo mawe kila siku, anaichukua anamkabidhi mteja kama ilivyo.

Na kwenye ile mudibodi kuna baraza la wazi lenye taa za njano zinazotazama ziwa, kila mtu wa kando ya ziwa anajua wale wadudu wa ziwani wakiamka jioni wanafuata mwanga, mteja wako atakula sato au atakula wadudu? Hicho kitu kwenye picha hakitokei, kinatokea siku ya ufunguzi na anayepigiwa simu ni mimi.

Mkitaka kutumia AI tumieni, hata mimi nikitaka kujua mteja anapenda giza giza au mwanga mwingi nitamtolea mbili tatu tubishane nazo pale pale mezani. Ila andikeni juu kwamba hii imetengenezwa, haipo popote. Na pembeni mbandikie kipande cha kitambaa kilichopo dukani, kipande cha mbao, namba ya rangi aende nayo dukani akachanganyiwe. Ukishindwa hivyo basi sema unauza wolpepa.

Mama nimempeleka saiti jana tumekaa juu ya jabali lenyewe, nimemwambia hili tunaliacha linakuwa ukuta wa nyuma wa kaunta, kacheka kakubali. Ila bajeti imeshapungua na iliyopungua naijua ilikokwenda. Na wewe ndugu dizaina unajijua, humu jukwaani upo na leo asubuhi ulikuwa onlaini, pokea simu ya huyo mama umrudishie hela yake kabla sijabandika namba ya risiti hapa.