Uji wa soya na homoni: niendelee au niache?

Binti_Kitangari: Shikamooni wakubwa. Nipo Newala, miaka 34. Nakunywa uji wa soya kila asubuhi. Hedhi inaruka, mwili mzito, nasikia baridi wenzangu wakijipepea. Wifi anasema soya inavuruga homoni, mume wangu ataota matiti. Niache?

Korosho_Ghafi: Akiota mtapokezana kunyonyesha 😂 Ila kuna mzee wa Texas, habari zake zilitoka 2008, alikuwa akinywa karibu lita 3 za maziwa ya soya kwa siku. Matiti yakavimba, alipoacha yakatulia. Wewe kikombe tu.

Mzee_Mnolela: Marehemu mama alikaanga soya, akatwanga, tukanywa kama kahawa. Tulizaliwa tisa. Nyie chipsi zinawamaliza mnasingizia soya.

Nesi_Mstaafu: Mwanangu, isoflavoni za soya zinafanana na estrojeni, homoni ya kike, ila nguvu yake ndogo. Tafiti zilizojumlishwa 2010 na 2021 hazikuona homoni za kiume zikishuka. Unatumia dawa yoyote?

Binti_Kitangari: Hakuna ya maana.

Nesi_Mstaafu: Isiyo ya maana ni ipi?

Binti_Kitangari: Nilitolewa rovu 2022, tezi yote. Nikapewa levothairoksini, nikawa namezea na huo uji. Sasa wiki ya tatu sijameza. Soya ni ya asili jamani, kidonge nitameza mpaka lini?

Nesi_Mstaafu: Maisha yako yote! Tezi huna, homoni yake iko kwenye kidonge hicho. Soya inakizuia kunyonywa tumboni. Meza alfajiri kwa maji matupu, uji kunywa saa nne asubuhi.

Kaka_Shangani: Chai hii. Mwezi jana huyu aliulizia soya ya jumla kutoka Songea. Anatangaza unga wake.

Binti_Kitangari: Ndiyo, nauza unga wa lishe. Ndiyo maana silali. Wanaonunua ni wenye watoto wachanga, wengine nimewakopesha. Kovu lipo shingoni, najifunika mtandio.

Kaka_Shangani: Ungesema mapema, dada. Unachanganya karanga?

Binti_Kitangari: Naam.

Nesi_Mstaafu: Basi hofu yako ihamie huko. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na kukaanga hakuimalizi. Chambua moja moja. Soya nayo ichemshe kabla ya kukaanga, mbichi inazuia protini kusagika.

Binti_Kitangari: Nachemsha nusu saa, maganda yanaelea nayaengua. Kopo la vidonge liko dirishani. Nikianza kesho, nikapime baada ya mwezi?

Nesi_Mstaafu: Kesho hiyo hiyo nenda hospitali, waambie wiki tatu hujameza. Usiwafiche kama ulivyotuficha sisi.