Chokaa ya tanuu na hewa ukaa: hesabu inarudi sifuri au ami anapigwa changa la macho?

MwanaLangoni
Asalam aleikum wadau. Naomba mnimalizie ubishi wa barazani, umeshakula jioni tatu na kahawa kibao. Ami yangu hapa Amu (Lamu mjini) anachoma chokaa ile ya asili, magogo yanapangwa duara, mawe ya matumbawe yanarundikwa juu, moto ukishawashwa unalala nao. Sasa kuna kijana wetu karudi likizo toka chuo akamwambia ami tanuu lako linatoa hewa ukaa mara mbili, ya kuni na ya jiwe lenyewe. Ami akacheka, jiwe litoe hewa kwani lina mapafu? Kijana akaona mzee kakereka, akageuza: usijali ami, chokaa ikishapakwa ukutani inaivuta hewa yote ile tena, hesabu ni sifuri. Hapo ndio nikapotea. Unamtia mzee wa watu hatiani halafu unamsamehe papo hapo? Na kama chokaa inameza hewa, si matumbawe yote baharini yanatusafishia bure? Nielezeni kwa lugha ya watu tafadhali, fomula nilizikimbia kidato cha pili.

TichaMalindi
Waaleikum salaam. Kijana kapata kama robo tatu hivi. Kabla sijaandika mengi, muulize ami: jiwe likishaiva si huwa jepesi?

MwanaLangoni
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema kikapu cha mawe mabichi kinamtoa jasho, kile kilichoiva anakibeba huku anaongea na simu. Alidhani ni maji yamekauka.

TichaMalindi
Maji yamo kidogo lakini siyo hayo. Jiwe la tumbawe ni kalsiamu imeshikana na kaboni na oksijeni. Moto ukifika kama digrii 900 ile shikano inaachia na kaboni inatoka kama hewa ukaa, huioni wala huinusi, unachoona wewe ni moshi wa kuni. Jiwe likiwa safi kabisa, kila kilo 100 zinabaki 56 za chokaa, kilo 44 zimeruka. Kwa hiyo ami miaka yote hii alikuwa anaipima hewa ukaa kwa mgongo wake bila kuambiwa.

Halafu mnamwaga maji, inachemka yenyewe inapiga kelele, inakuwa unga. Mkiipaka ukutani watu husema imekauka, lakini kukauka ni nusu ya habari, ile inakuwa inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, ndio maana fundi anayejua anairushia maji plasta mpya isikauke haraka, bila unyevu hewa haiingii kufanya kazi. Inaanza juu juu inaenda ndani polepole sana. Hizi kuta zenu za Amu nene kama mtu na nusu, ndani huko inachukua miaka na miaka. Kwa hiyo ya jiwe inarudi, siyo yote na siyo leo. Ya kuni hairudi ukutani hata chembe, hiyo inasubiri mti mwingine uote. Sifuri ya kijana imesahau kuni.

NahodhaShela
Ticha hujajibu lile swali la matumbawe kutusafishia hewa. Miaka yote nawaambia wageni kwenye boti matumbawe yanafyonza hewa ukaa, ni kweli?

TichaMalindi
Samahani nahodha nakuharibia biashara. Kinachofyonza ni maji yenyewe, bahari inachukua karibu robo ya hewa ukaa tunayoitoa binadamu kila mwaka, inayeyuka kama gesi ya soda. Bahari zote pamoja zina kaboni zaidi ya mara 40 ya ile iliyoko angani. Sasa tumbawe likijenga nyumba yake linachota kaboni iliyoyeyuka mafungu mawili, moja linageuka jiwe, la pili linatoka tena kama hewa ukaa. Kwa hiyo linajenga huku linapumua nje. Lakini lile fungu la jiwe limefungwa kweli kweli, mawe mnayochimba kisiwani Manda ni miamba iliyokuwa chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Ami analifungua usiku mmoja.

Boriti_na_Mazio
Zilipotajwa kuni nilijua tu mwisho tutafika kwetu wakata mikoko 😂 kila mkutano ni sisi. Niseme basi. Boriti ya mkoko iliyoko darini kwa bibi yangu ilikatwa kabla hajazaliwa, kaboni yake imekaa pale inasikiliza maulidi. Aliyeikata hajaharibu kitu. Ila nikubali moja, mkoko wenyewe ukiukata hauchipui kwenye kisiki, tofauti na mchu, aina nyingine ya mikoko, inabidi upandwe. Na mali kubwa haiko kwenye mti, iko kwenye tope. Ukizama mpaka goti kule mlango wa bahari wa Mkanda lile tope jeusi linanuka mayai viza, harufu ile ndio alama kwamba oksijeni haifiki, majani na mizizi iliyokufa haiozi ikaisha, inarundikana tu mamia ya miaka. Ukilifukua likapigwa jua, linaanza kuoza upya na yote inapanda juu. Wenzetu wa Gazi huko Kwale wanauza kaboni ya mikoko tangu 2013, yaani wanalipwa kwa kuilinda isiachie kaboni yake, mradi unaitwa Mikoko Pamoja, na eneo lao ni hekta 117 tu. Sisi Lamu tuna zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya yote na bado tunabishana barazani.

Swali langu kwa ami ni kuni gani anachomea. Kama ni mkoko, hapo simtetei.

MwanaLangoni
Anasema zamani mikoko, siku hizi ni chochote kinachopatikana, mwarobaini, miembe iliyoanguka, mabaki ya mbao za madau. Nimemsomea yote haya. Kuhusu kilo 44 amenyamaza muda mrefu halafu akauliza kitu ambacho sina jibu: kuna mteja kapaka rangi ya mafuta juu ya plasta mpya haina hata mwezi, sasa ukuta utavutaje hewa?

TichaMalindi
Hauvuti, au kidogo sana. Umezibwa pua. Na unyevu wa ndani hauna pa kutokea, utaona rangi inafanya malengelenge inabanduka. Mwambie amkwangulie apake neru, ile chokaa laini ya kumalizia, halafu amlipishe mara mbili.

MwanaLangoni
Hilo la kulipisha kalisikia bila kurudiwa.